SOMO LA VIKUNDI: RADI IKIPIGA KOMPYUTA, TUKAGUE KABLA YA KULIPA



Vikundi vingi siku hizi vina kompyuta. Pengine ni ile ya mezani iliyonunuliwa mtumba, pengine ni laptopu iliyotolewa na mfadhili. Ndani yake kuna majina ya wanachama, michango ya kila wiki, mikopo na riba, barua za kikundi na katiba yenyewe. Halafu jioni moja mvua inakuja, ngurumo moja kubwa, stima inapotea. Ikirudi, kompyuta haiwaki.

Hapo ndipo matatizo huanza, na shida ya mashini si kubwa kuliko shida ya watu. Mweka hazina anasema hesabu zote zilikuwa mle ndani. Mwanachama aliyemaliza kulipa mkopo wake anauliza, "Sasa nitaonyesha nini?" Wengine wananong'ona kwamba radi imewasaidia wakubwa kuficha pesa. Fundi naye anatazama dakika mbili na kusema, "Hii imeungua yote, nunueni nyingine." Kikundi kinatoa pesa za akiba bila kujua kama ilikuwa lazima.

LENGO LA SOMO

Tukimaliza somo hili, kila kikundi kiweze:
(a) kujua radi huingia kwenye kompyuta kwa njia gani;
(b) kukagua hatua kwa hatua ni kipande gani kimeharibika, bila kujihatarisha;
(c) kuokoa kumbukumbu za wanachama;
(d) kuongea na fundi kama watu wanaojua wanachotaka.

Hatutaki kumgeuza kila mtu kuwa fundi. Tunataka kikundi kisiwe kipofu mbele ya mali yake.

1. RADI NI NINI, NA HUINGIAJE?

Jambo moja tulitoe mbele kwanza. Kuna sehemu ambako radi ikipiga, watu huulizana ni nani ameituma. Majirani wamekosana kwa sababu hiyo, na vikundi vimevunjika. Tangu majaribio yaliyofanywa Ufaransa na Marekani mwaka 1752, inajulikana kwamba radi ni umeme. Hujikusanya mawinguni na kutafuta njia ya kushuka ardhini. Haijui nani anadaiwa na nani. Hufuata vitu virefu vilivyosimama peke yake, kama mti au mlingoti, na hufuata nyaya ndefu. Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Victoria na milima iliyo karibu tunaipata zaidi kwa sababu eneo hili ni kati ya yale yenye radi nyingi sana duniani. Basi tusitafute mchawi, tutafute waya.

Stima ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240, na soketi ya ukutani imetengenezwa kubeba ampea 13. Radi moja ya kawaida hubeba ampea kama 30,000. Si lazima ipige nyumba yenu. Ikipiga laini ya stima au karibu nayo, hata mbali na kijiji, mshtuko husafiri kwenye nyaya mpaka kwenye soketi. Hufika upesi sana, kabla fyuzi haijapata nafasi ya kukatika. Ndiyo maana fyuzi inaweza kubaki nzima na mashini ikafa.

Milango ambayo mshtuko hupitia ni hii:
- waya wa stima;
- waya wa simu ya mezani au waya wa intaneti unaotoka nje;
- waya wa antena ya televisheni au dishi;
- nyaya za sola zinazoshuka kutoka paani;
- waya unaounganisha kompyuta na printa, kama printa ndiyo iliyopigwa kwanza.

Orodha hii ndiyo ufunguo wa ukaguzi. Mkijua mshtuko uliingilia wapi, mtajua pa kuangalia kwanza. Kompyuta ambayo haikuunganishwa na kitu chochote ukutani ina nafasi kubwa ya kupona.

2. KWANZA USALAMA

Mtu ni wa thamani kuliko mashini. Kwa hiyo:

Mvua ikiwa bado inanguruma, msiguse kompyuta wala waya wowote. Ngojeni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Mkisikia harufu ya kuungua au mkiona moshi, zimeni meni swichi ya nyumba na mtoke nje. Msimwagie maji kitu chenye stima.

Mkitaka kukagua, chomoeni plagi ukutani. Kuzima swichi tu hakutoshi.

Msifungue kamwe kile kisanduku kidogo cha chuma kilicho ndani ya kompyuta, ambacho mafundi huita pawa saplai. Ndani yake hukaa umeme wa volti zaidi ya 300, na unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa plagi. Zile skrini kubwa za zamani zenye mgongo pia msizifungue. Hiyo ni kazi ya fundi.

3. UKAGUZI HATUA KWA HATUA

Haraka haraka haina baraka. Tuanze nje tuingie ndani, tuanze na kitu cha bei rahisi twende kwa cha bei ghali. Mmoja akague, mwingine aandike kwenye daftari kila kinachoonekana.

Hatua ya kwanza: Soketi. Chomekeni taa au chaja ya simu kwenye soketi ileile. Ikikataa kuwaka, basi shida iko kwenye soketi au nyaya za nyumba, na kompyuta pengine ni nzima. Mwiteni fundi wa stima kwanza.

Hatua ya pili: Plagi, ekstensheni na UPS. Fungueni plagi iliyochomolewa, mtoe fyuzi, mweke nyingine ya kipimo kilekile. Msiweke msumari wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, hiyo ni kuita moto. Kisha ondoeni ekstensheni, stabilaiza au UPS, mchomeke kompyuta moja kwa moja kwenye soketi nzuri. Mara nyingi kile kifaa cha kati ndicho kilichokufa kikiilinda mashini. Jaribuni pia waya mwingine wa stima, hata wa kuazima shuleni au parokiani.

Hatua ya tatu: Skrini. Kompyuta ya mezani ni vitu viwili, skrini na lile sanduku ambalo wengi huliita sipiyu. Kila kimoja kina stima yake. Kama sipiyu inavuma, feni inazunguka na taa yake inawaka, lakini skrini ni giza, pengine ni skrini tu iliyoungua. Leteni skrini nyingine mjaribu. Wako watu walionunua kompyuta nzima kumbe skrini ndiyo ilikuwa mbovu.

Hatua ya nne: Pawa saplai. Kama sipiyu haitoi sauti wala taa, hata kwenye soketi nzuri na waya mzuri, mshukiwa wa kwanza ni pawa saplai. Ndiyo iliyo karibu zaidi na mlango wa stima. Nuseni tundu la feni nyuma, harufu ya kuungua hukaa siku kadhaa. Tazameni pia kama nyuma kuna kiswichi kidogo chenye maandishi 115 na 230. Hapa kwetu lazima kiwe 230. Pawa saplai hubadilishwa peke yake, haihitaji kubadilisha kompyuta.

Hatua ya tano: Ondoeni mizigo. Chomoeni printa, waya wa intaneti, flashi, mausi, kila kitu. Acheni waya wa stima na skrini tu. Washeni. Kama sasa inawaka, rudisheni kimoja kimoja, mkizima kila mara kabla ya kuunganisha. Kile kinachofanya izime ndicho kilichoungua, au mlango wake ndio ulioungua.

Hatua ya sita: Ubao mkuu. Kama pawa saplai mpya imewekwa na bado mashini imekufa, au feni inazunguka lakini hakuna picha hata kwa skrini nzuri, basi pengine ni ubao mkuu, ule mafundi wanauita madabodi. Fundi akifungua, mwombeni awaonyeshe. Wakati mwingine kuna alama nyeusi ya kuungua, au vile vimkebe vidogo vya duara vimevimba kichwani. Lakini ubao waweza kufa bila alama yoyote, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Kabla ya kusema ubao umekufa, fundi atoe vipande vya kumbukumbu, wanavyoviita ramu, ajaribu kimoja kimoja, maana kipande kimoja kibovu kinaweza kuzuia mashini nzima.

4. IKIWAKA LAKINI INTANETI HAKUNA

Hii hutokea sana. Mashini inafanya kazi, barua inaandikwa, lakini mtandao umekataa. Hapo mshtuko uliingia kwa waya wa simu au wa intaneti. Angalieni kwanza ile ruta au modemu. Ikiwa haina taa hata moja, jaribuni chaja nyingine yenye volti na ampea zilezile. Ikiwa na taa, unganisheni kompyuta nyingine kwenye waya uleule. Ya pili ikipata mtandao, basi mlango wa waya kwenye kompyuta yenu ndio umeungua. Msikubali kubadilishiwa mashini kwa sababu hiyo. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye mlango wa USB, nacho hufanya kazi ya mlango ulioungua kwa bei ndogo kabisa ukilinganisha na kompyuta.

5. KAMA NI LAPTOPU

Laptopu ina bahati kidogo, kwa sababu chaja yake hukaa kati yake na ukuta. Mara nyingi chaja hufa, mashini ikabaki. Fanyeni hivi: chomoeni chaja, bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, mwachilie, kisha jaribuni kuiwasha kwa betri. Ikiwaka, hifadhini kazi zenu mara moja kabla betri haijaisha. Halafu tafuteni chaja nyingine ya kujaribu. Someni maandishi ya chini ya chaja: volti ziwe sawa kabisa, ampea zisiwe chini ya zile za chaja ya kwanza, na kichwa kiingie bila kulazimishwa. Chaja nyingi za laptopu zimeandikwa volti 19 au karibu na hapo, lakini msikisie, someni.

Kama inawaka kwa betri lakini haichaji hata kwa chaja nzuri, sehemu ya kuchajia ndani ndiyo mbovu. Fundi mzuri anaweza kuirekebisha.

6. KUMBUKUMBU KWANZA, MASHINI BAADAYE

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa ndipo moyo wa somo letu ulipo.

Kompyuta ikifa haina maana kwamba hesabu zimekufa. Hesabu hukaa kwenye diski ya ndani, kipande kinachotoka. Mara nyingi pawa saplai na ubao huungua, diski ikabaki nzima. Fundi anaweza kuitoa, kuiunganisha na kompyuta nyingine kwa kifaa kidogo, na kunakili kila kitu. Kwa laptopu nyingine mpya hifadhi imegandishwa juu ya ubao wenyewe, hapo kazi ni ngumu zaidi, lakini ulizeni kabla ya kukata tamaa.

Kwa hiyo neno la kwanza kwa fundi lisiwe "tengeneza". Liwe hivi: "Kumbukumbu zetu zitolewe kwanza. Usifute wala usifomati kitu mpaka tumeona majina ya wanachama kwenye kompyuta nyingine." Mwandikieni, na aweke sahihi. Fundi akiweka programu upya juu ya diski ileile, anaweza kufuta miaka mitano ya michango kwa nusu saa.

Na mweka hazina asihukumiwe kabla diski haijasomwa. Wakati huohuo kikundi kinaweza kuanza kujenga upya hesabu kutoka kwa vitabu vya wanachama, risiti, karatasi za benki na ujumbe wa M-Pesa. Kazi hiyo ifanywe mbele ya wote, si chumbani.

7. TUNAPOKWENDA KWA FUNDI

Mafundi wengi ni watu waaminifu wanaotafuta riziki. Lakini hata mwaminifu husaidika akiletewa maelezo mazuri, na asiye mwaminifu huogopa mteja anayejua. Fanyeni haya:

- Waende watu wawili, si mmoja.
- Andikeni namba ya mashini, ukubwa wa diski na idadi ya vipande vya ramu kabla ya kuiacha. Kuna mashini zilizoingia na ramu mbili zikatoka na moja.
- Msomeeni daftari la ukaguzi: tulijaribu soketi, waya na skrini, tukaona hili na lile.
- Mwulizeni, "Umepima pawa saplai kwa mita? Imetoa volti ngapi?" Katika zile zenye nyaya za rangi, wa manjano hutoa volti 12, mwekundu volti 5, wa rangi ya chungwa volti 3.3. Tofauti ya asilimia 5 juu au chini inakubalika. Kwa mfano wa manjano ukitoa 11.8 ni sawa, ukitoa 9 ni mbovu.
- Ombeni mrudishiwe kipande kilichotolewa, pamoja na risiti.
- Ombeni bei kabla ya kazi, na kama ni kubwa, mwende kwa fundi wa pili.

8. TUAMUE

Bwana wetu alifundisha habari ya mjenzi mwenye busara, anayekaa chini kwanza na kupiga hesabu ya gharama. Kikundi nacho kikae. Kama ni pawa saplai, skrini au chaja, tengenezeni. Kama ni ubao mkuu, linganisheni bei ya kutengeneza na bei ya mtumba wa aina hiyohiyo. Matengenezo yakipita nusu ya bei hiyo, afadhali mfikirie kununua nyingine na kuhamisha diski yenu. Uamuzi ufanywe kwenye mkutano na uandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Mjue pia kwamba mashini iliyopigwa na kupona inaweza kuwa na jeraha la ndani. Inafanya kazi leo, wiki ijayo inaanza kujizima au kuganda. Kwa hiyo siku ileile inapowaka, nakilini kumbukumbu zote. Kisha itazameni kwa wiki mbili kabla ya kuiamini. Iliyoshindikana kabisa msiichome kwenye takataka wala kuwapa watoto waifungue. Ina madini yenye sumu. Mwuzieni fundi vipande.

9. KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Wingu likianza kuwa jeusi, zimeni na mchomoe: plagi ya stima, waya wa intaneti, antena. Vyote. Kuchomoa stima na kuacha waya wa intaneti ni kufunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi. Lakini ngurumo zikishafika karibu, acheni, msiguse tena. Mkifunga ofisi jioni, chomoeni kila siku, maana radi huja pia usiku. Stima ikipotea, chomoeni, na ikirudi ngojeni dakika kama 10.

Kifaa cha kuzuia mshtuko wa stima kinasaidia kwa mshtuko mdogo, lakini huchoka kwa kila pigo, na hakifanyi kazi vizuri kama nyumba haina waya wa athi, ule unaoshuka ardhini. Mwombeni fundi wa stima aliyesajiliwa aupime. Hakuna kifaa cha dukani kinachozuia radi iliyopiga nyumba yenyewe.

Mwisho, nakala. Kila siku ya mkutano, hesabu ziandikwe kwenye daftari, na za kompyuta zinakiliwe kwenye flashi mbili. Moja ikae kwa katibu, nyingine kwa mwanachama wa mlima wa pili. Si rahisi radi ipige nyumba zote tatu kwa siku moja, na hata ikipiga, daftari la karatasi halina waya.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kompyuta yetu ikiungua leo usiku, ni kumbukumbu gani tutazikosa? Ziko mahali pengine?
2. Ni nyaya ngapi zinazotoka nje na kufika kwenye kompyuta yetu? Twende tuzihesabu.
3. Nani ana jukumu la kuchomoa mawingu yakijikusanya? Asipokuwapo, ni nani?
4. Je, katika kijiji chetu kuna mtu aliyewahi kulaumiwa kwa ajili ya radi? Kikundi kinaweza kufanya nini kuleta amani?
5. Kila mwanachama ana kitabu chake cha michango, kimejazwa mpaka wiki hii?

KAZI YA WIKI HII

Chagueni watu wawili. Wafanye nakala ya kwanza kwenye flashi, waandike namba ya mashini kwenye daftari, na watoe taarifa mkutano ujao mbele ya wanachama wote.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.